Daktari Ward na Chupa ya Dirishani

Ukingoni mwa dirisha la sebule yangu zimepangwa chupa saba. Tatu zilikuwa za jamu, moja ya kahawa, na moja ni jagi la kioo lililokatika mkono. Mbili zilizosalia ni chupa pana za peremende, za aina iliyokuwa ikiwekwa juu ya kaunta za maduka ya zamani, nilizozipata kwa bei nafuu katika soko la Gikomba. Ndani ya kila moja mna udongo kidogo, kuvumwani na kangaga, yaani ile mimea ya kivulini isiyotoa maua ambayo majani yake machanga hujikunja kama mkia wa kinyonga. Nyumba yangu haina pambo jingine la maana. Wageni huzitazama chupa hizo, wakatabasamu, kisha wakaniuliza ni lini mwalimu mstaafu alipoanza kuokota takataka.

Swali hilo nalistahili, kwa kuwa zamani mimi ndiye niliyekuwa nikiwauliza wengine. Nilipokuwa mwalimu chipukizi katika shule moja ya msingi, tulitangaziwa kwamba wakaguzi wangefika Jumatatu. Ijumaa hiyo niliingia darasani kama askari, nikaamuru kila kisicho daftari wala kitabu kitolewe nje. Dirishani palikuwa na chupa yenye mdomo mpana, imefungwa kifuniko, ndani mna udongo na kijimea cha kijani. Mwenyewe, mvulana mnyamavu wa safu ya nyuma, alisimama akajaribu kunieleza kwamba hakuwa amekitia maji kijimea hicho tangu muhula ulipoanza, na kwamba bado kilikuwa hai. Sikumpa nafasi ya kumaliza. Alikwenda kuitupa shimoni, nami nikaisikia ikivunjika. Wakaguzi walikuja, wakatusifu kwa usafi, wakaenda zao. Mvulana yule hakuniuliza swali tena mwaka mzima.

Miaka kadhaa baadaye, nikitafuta mfano mwepesi wa kuwafundishia watoto mzunguko wa maji, nilikutana kitabuni na maisha ya daktari mmoja wa Kiingereza, Nathaniel Bagshaw Ward. Wataalamu wa mimea ulimwenguni wanalijua jina lake vyema, lakini katika madarasa yetu hutajwa kwa nadra. Nilipoyasoma maisha hayo nilihisi uso ukinipata moto, kwani chupa iliyompa Ward sifa ilikuwa ndugu ya ile niliyoamuru itupwe. Ndiyo sababu leo naomba nafasi hii niyasimulie.

Ward alizaliwa London mwaka wa 1791, mwana wa daktari. Alipokuwa na umri wa miaka 13 alisafiri kwa merikebu hadi kisiwa cha Jamaika, na huko mimea ya nchi za joto ikamteka moyo. Aliporudi kwao alisomea udaktari, kisha akairithi kazi ya baba yake katika mtaa wa Wellclose Square, mashariki mwa London, karibu na gati za meli. Huo haukuwa mtaa wa matajiri. Kila nyumba ilichoma makaa ya mawe, viwanda vilitapika moshi usiku na mchana, na masizi yalitua juu ya kila kitu, kuanzia nguo zilizoanikwa hadi mapafu ya wagonjwa wake.

Katika ua wa nyumba hiyo daktari alitamani jambo dogo tu, ukuta wa mawe ulioota kangaga na kuvumwani. Aliujenga, akaweka juu yake bomba lenye matundu ili maji yatiririke, akapanda mimea aliyoileta kutoka misituni. Ilinyauka na kufa mmoja baada ya mwingine. Akapanda tena, ikafa tena. Moshi wa London ulikuwa adui asiyeshindika kwa bidii wala kwa maji. Hatimaye alikaribia kukata tamaa.

Ufumbuzi ulimjia kwa mlango asioutazamia. Mbali na mimea, Ward alipenda kuwachunguza wadudu. Mwaka wa 1829 alimchukua nondo mmoja angali katika hali ya pupa, yaani kile kipindi ambacho mdudu hulala kabla ya kuota mabawa, akamfukia katika udongo wenye unyevu ndani ya chupa ya mdomo mpana, kisha akaifunika. Nia yake ilikuwa kumwona nondo akizaliwa. Kila siku aliichungulia chupa. Akagundua kwamba wakati wa joto la mchana unyevu ulipanda kutoka udongoni, ukashika kwenye kioo kama jasho, kisha ukateremka tena udongoni. Udongo haukukauka kamwe. Na takriban juma moja kabla ya wakati wa nondo kutoka, alishangaa kuona juu ya udongo huo vijichipukizi viwili, mmoja wa kangaga na mwingine wa nyasi.

Hapa ndipo ninapowaomba walimu na wanafunzi watue kidogo. Mtu mwingine angevikasirikia vijichipukizi hivyo, kwa kuwa havikuwa katika mpango wake. Jaribio lilikuwa la nondo, na magugu yamelivamia. Lakini Ward alijiuliza swali lililo sahihi. Kwa nini kangaga, mmea uleule uliokataa kuishi ukutani mwake licha ya kumwagiliwa, umeota wenyewe ndani ya chupa? Akayahesabu mahitaji yake. Mmea unahitaji mwanga, na kioo huupitisha. Unahitaji unyevu, na chupa inauzuia usitoroke. Unahitaji joto na hewa, na vyote vimo. Kilichokosekana ndani ya chupa ni kitu kimoja tu, nacho ni masizi. Basi si hali ya hewa ya London iliyokuwa ikiiua mimea yake, bali ni uchafu uliokuwa hewani pamoja na ukavu wa hewa hiyo.

Aliitundika chupa ile nje ya dirisha la chumba chake cha kusomea. Kangaga na nyasi ziliishi humo karibu miaka minne bila kutiwa tone la maji, na nyasi ikafikia hata kutoa maua. Zilikufa wakati daktari hayupo nyumbani, kwa sababu kifuniko kiliota kutu na maji ya mvua yakaingia kwa wingi. Lakini kufikia hapo alikwisha kujifunza alichohitaji, akaanza kutengenezesha masanduku ya mbao na vioo, makubwa na madogo, akijaribu aina nyingi za mimea.

Katika siku hizo kuisafirisha mimea baharini ilikuwa kama kupanda mbegu juu ya jiwe. Safari zilichukua miezi. Maji ya chumvi yaliirukia mimea sitahani, nayo maji matamu yalikuwa haba hata kwa mabaharia wenyewe. George Loddiges, mfanyabiashara wa miche aliyekuwa na kitalu mashuhuri huko Hackney, alikuwa akipoteza sehemu kubwa mno ya mimea aliyoagiza kutoka ng'ambo. Akashirikiana na Ward. Mwezi wa Juni 1833 masanduku mawili yaliyojaa kangaga, kuvumwani na nyasi yalipakiwa katika meli ya nahodha Charles Mallard iliyokuwa ikielekea Australia. Yakafika mimea ikiwa hai. Mwezi wa Februari 1834 yalijazwa mimea ya Australia, ambayo baadhi yake ilikuwa haijawahi kufikishwa Uingereza ikiwa hai, yakaanza safari ya kurudi. Yalikaa juu ya sitaha, yakapita kwenye theluji ya ncha ya kusini ya Amerika, yakapita kwenye jua kali la ikweta. Baada ya takriban miezi minane, Ward na Loddiges walipanda melini London wakaikuta mimea imestawi, na mbegu nyingine zimeota njiani.

Kuna jambo ambalo huwaambia wanafunzi wangu wa zamani kila tunapokutana. Ward hakuwa wa kwanza. Huko Uskoti, bwana mmoja aitwaye Maconochie alikuwa amekwisha kukuza kangaga ndani ya chombo cha kioo miaka michache kabla yake. Lakini Maconochie hakuchapisha habari za kazi yake mpaka sifa za Ward zilipokuwa zimeenea. Ward alipima, akaandika, akawapelekea wataalamu barua, na mwaka wa 1842 akatoa kitabu kizima kuhusu ukuzaji wa mimea katika masanduku ya kioo. Mali bila daftari huisha bila habari, na elimu pia ni mali.

Je, Ward alikusudia nini? Ukikisoma kitabu chake utaona kwamba moyo wake ulikuwa kwa wagonjwa aliowatembelea. Aliishi miongoni mwa watu waliobanana katika vyumba vyenye giza, watu ambao watoto wao hawakujua jani bichi lina harufu gani. Aliamini kwamba hata familia maskini ingeweza kuwa na bustani yake dirishani, ndani ya chupa, bila kununua chungu wala kubeba maji kutoka mbali. Aliwazia hata vyumba vya wagonjwa ambamo hewa ingechujwa masizi kama ilivyochujwa ndani ya masanduku yake. Kwake yeye pambo la nyumba halikuwa anasa. Lilikuwa sehemu ya afya.

Lakini kioo kilikuwa ghali. Tangu mwaka wa 1746 serikali ya Uingereza ilikuwa imekitoza ushuru uliopimwa kwa uzito, na hata madirisha ya nyumba yalikuwa na kodi yake. Ushuru wa kioo ulifutwa mwaka wa 1845 na kodi ya madirisha ikafutwa mwaka wa 1851. Baada ya hapo masanduku ya Ward yaliingia sebuleni kwa kishindo. Waliofaidi kwanza, hata hivyo, hawakuwa wale aliowakusudia. Watu wenye uwezo waliagiza masanduku yaliyochongwa mfano wa majumba ya kifalme, wakayasimamisha karibu na piano. Mapenzi ya kangaga yakageuka wazimu. Watu walipanda treni kwenda mashambani na visepeto, wakaing'oa mimea kwa magunia ili waipambe miji, hata aina zilizokuwa adimu zikakaribia kutoweka katika baadhi ya sehemu. Pambo lililozaliwa kwa kuihurumia mimea likaanza kuiangamiza.

Hilo lilikuwa dogo likilinganishwa na yaliyotendeka baharini. Wakuu wa bustani ya Kew na wa himaya ya Uingereza waliona mara moja thamani ya sanduku linaloweza kuvusha mche hai kutoka bara hadi bara. Kuanzia mwaka wa 1848 Robert Fortune, akitumwa na Kampuni ya Mashariki ya India, aliingia maeneo ya China yaliyokatazwa kwa wageni, akatoa humo maelfu ya miche na mbegu za chai na kuzipeleka India ndani ya masanduku ya Ward. Mkwinini, ambao gome lake ndilo lililokuwa dawa ya malaria, ulitolewa Amerika Kusini ukapelekwa Asia. Mwaka wa 1876 mbegu za mpira zilitolewa Brazil zikaoteshwa Kew, kisha miche ikasafirishwa ndani ya masanduku hayohayo hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mashamba yaliyoenea Asia yakauvunja utajiri wa mpira wa Brazil. Wajerumani nao waliyatumia kupeleka mimea katika makoloni yao ya Afrika. Na udongo uliosafiri ndani yake haukusafiri peke yake, bali ulibeba wadudu na magonjwa kutoka nchi moja hadi nyingine.

Sisi tunaokunywa chai ya saa nne katika shule za Kenya hatuwezi kujidai kwamba hadithi hii haituhusu. Chai ilipandwa Limuru kwa mara ya kwanza mwaka wa 1903, nayo ililetwa kutoka India. Ni kweli kwamba kilimo cha India kilikuja kutegemea zaidi chai ya asili ya Assam kuliko ile ya China aliyoivusha Fortune. Hata hivyo, ile desturi ya kuung'oa mmea hapa na kuupanda kule kwa faida ya mwenye meli, na ile ya kuitwaa ardhi ya watu ili mmea huo upate pa kuota, zilikuwa zimekwisha kukomaa zilipofika kwetu. Sanduku la Ward lilikuwa mojawapo ya vyombo vilivyozikomaza.

Wapo watakaosema kwamba mtu wa namna hiyo hafai kusifiwa katika gazeti la Kiswahili. Nimelipima neno hilo kwa muda mrefu, nami siafikiani nalo. Ward hakupanga wizi wa chai wala wa mpira. Uvumbuzi wake aliuacha wazi kwa kila mtu, na haukumtajirisha. Lakini pia siafikiani na vitabu vinavyomsimulia kama mzee mpole wa kangaga na kunyamaza hapo. Chombo hakimchagui mtumiaji. Kioo kilekile kilichoweza kumpa mtoto wa kibarua bustani dirishani ndicho kilichowapa wenye himaya nguvu juu ya mashamba ya watu. Mwanafunzi anastahili kupewa kurasa zote mbili, kisha aachwe afikiri.

Miaka ya mwisho ya daktari ilikuwa ya heshima, ijapokuwa haikuwa ya fahari. Nyumba yake ilikuwa baraza la wapenda elimu, na mkutano uliofanyika humo mwaka wa 1839 ndio uliozaa chama cha wataalamu wa hadubini. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society mwaka wa 1852, na aliitumikia kwa muda mrefu bustani ya mimea ya dawa ya Chelsea. Alifariki Juni 1868 katika mji wa pwani wa St Leonards, akazikwa London katika makaburi ya Norwood, katika kaburi lisilokuwa na alama. Mtu aliyesaidia kuibadilisha sura ya mashamba ya dunia hakuwekewa hata jiwe la jina.

Narudi kwenye dirisha langu. Mababu zetu wa Lamu na miji mingine ya pwani walijua kwamba chombo kizuri kina haki ya kuonekana, ndipo wakajenga zidaka ukutani na kupanga humo sahani na vyombo vya kigeni. Sisi tumezoea kuamini kwamba pambo ni kitu kipya kinachotoka dukani kikiwa na karatasi yake. Chupa ya jamu iliyooshwa haidaiwi na mtu. Weka kokoto chini ili maji ya ziada yapate pa kutulia, juu yake vipande vichache vya makaa, kisha udongo mweusi. Panda kangaga mdogo kutoka uani kwako, wala si wa kung'oa msituni. Nyunyiza maji kidogo, funika, uweke mahali penye mwanga lakini pasipo jua kali, maana jua litaigeuza chupa kuwa chungu. Kioo kikilia machozi mchana kutwa, maji yamezidi, basi fungua kidogo. Kikikauka kabisa, ongeza matone. Usipoharakisha, chupa yenyewe itakufundisha yaliyosalia.

Kila mara nasikia walimu wakilalamika kwamba hawawezi kufundisha sayansi kwa kuwa shule haina maabara. Malalamiko hayo ni ya haki, na wanaopaswa kuyasikia wayasikie. Lakini maabara ya Ward ilikuwa chupa moja, kiganja cha udongo, na mtu aliyekuwa tayari kutazama kitu kilekile kila siku bila kuchoka. Maabara ya namna hiyo iliwahi kuletwa darasani mwangu bure, na mtoto wa watu, nami nikaiita takataka kwa sababu ya wageni wa siku moja.

Sijui mvulana yule aliishia wapi. Huenda ni mkulima, huenda ni daktari, huenda hata amesahau. Mimi sijasahau. Basi mwalimu mwenzangu, utakapokikuta kitu cha ajabu dirishani mwa darasa lako, kabla hujaamuru kitupwe, mwite mwenyewe umwulize mna nini ndani. Nawe mwanafunzi, mwalimu asipokusikiliza, irudishe chupa yako nyumbani salama, endelea kuitazama, na uandike unachokiona.